Sura ya Sita: Udhuru wa Ndoana

Katika mji wa Mpanda, kama ilivyo katika miji mingi ya bara iliyozoea kazi kabla ya kuzoea mapumziko, mtu mzima mwenye mvi hapewi ruhusa ya kukaa bure na mwenzake; akionekana chini ya mwembe pamoja na sahibu yake saa nne za asubuhi, wapitao watauliza kuna msiba wa nani, ama kuna posa ya nani, ama pensheni imechelewa tena, kwa kuwa haidhaniwi kuwa wazee wawili waweza kukutana pasipo jambo. Harusi ina kamati yake, maziko yana taratibu zake, mkutano wa mtaa una ajenda zake, na katika yote hayo watu waliosoma darasa moja, au waliotumika karakana moja tangu ujana wao, hukaa bega kwa bega bila ya kupata wasaa wa kusemezana neno lao wenyewe. Kwa sababu hiyo nimeamini kwa muda mrefu kuwa ndoana, katika mkoa wetu wa Katavi, ina kazi kubwa kuliko ile ya kunasa samaki. Ndoana ni udhuru. Mtu akisema, "Twaenda mtoni kutafuta kitoweo," hakuna mke atakayemzuia, wala mwana atakayemshuku, wala jirani atakayemwita mvivu, maadamu kitoweo ni jambo la heshima, na akiletaye nyumbani husamehewa siku alizokuwa hayupo.

Msomaji asiyeujua mkoa huu, uliomegwa kutoka Rukwa mwaka 2012 na kupewa Mpanda kuwa makao yake makuu, huenda akauliza kwa nini tusiende ziwani, ilhali Ziwa Tanganyika liko upande wetu wa magharibi, na Karema na Ikola ni vijiji vyenye sifa ya samaki. Jibu ni kwamba ziwani uvuvi ni kazi, na aghalabu ni kazi ya usiku: taa zimewashwa kuwahadaa dagaa, mwenye chombo anapiga hesabu zake, mchuuzi anangoja ufukoni alfajiri, na mzee afikaye huko na ufito wake wa mwanzi huwa ni kizuizi katika njia ya watu wanaotafuta riziki. Aidha, ziwa lina amri zake. Mwaka 2024 lilifungwa tangu tarehe 15 Mei hadi tarehe 15 Agosti ili samaki wapate kuzaliana, na miezi hiyo ya kiangazi ndiyo miguu ya wazee huwashwa na hamu ya safari. Liko pia Bwawa la Milala, kandoni mwa mji, lakini kasoro yake ni ukaribu wake, kwani mtu aliye Milala aweza kutumiwa mtoto kuja kumwita. Na kule Sitalike, ambako mto Katuma huingia katika Hifadhi ya Taifa ya Katavi, iliyotangazwa mwaka 1974 na yenye kilomita za mraba 4,471, mtu huruhusiwa kuwatazama viboko waliobanana dimbwini wakikoroma na kufokeana, walakini ndoana haitumbukizwi, maana hifadhi ya taifa si mahali pa kuvua. Basi twabaki na mto Ugalla, upande wa kaskazini, na njia yake tuipendayo ni gari moshi.

Reli hii haikujengwa kwa ajili ya wavuvi. Baada ya vita vya pili vya dunia serikali ya Kiingereza ilitaka madini ya risasi yaliyopatikana Mpanda yafike pwani, ikachepusha tawi kutoka Kaliua, kwenye reli ya kati, likapita porini kilomita 210 hivi, likafika Mpanda mwaka 1950. Miaka kumi baadaye mgodi ukafungwa, habari ya risasi ikaisha, na reli ikabaki ikichukua mahindi, asali, mbao za mninga na watu. Mmoja wetu, ambaye sote humwita Fundi, alitumika katika reli hiyo mpaka alipostaafu, na kusafiri naye ni kusafiri na mtu anayepita katika nyumba yake mwenyewe usiku bila ya taa: hufumba macho, akasikiliza magurudumu yakigonga viungo vya reli, kisha akasema tumefika kalvati fulani, na ukichungulia dirishani utaona amesema kweli. Pamoja naye huja Mwalimu, aliyefundisha hesabu kwa ukali ambao wanafunzi wake wa zamani, baadhi yao wakuu wa idara hivi leo, wangali wakiukumbuka kila wanapoamkiana naye. Na Mrina, ambaye mizinga yake ya magome ya miti imetundikwa katika miombo tangu enzi ya baba yake, na ambaye kwake mto ni mahali pa kunywea nyuki kwanza, na samaki baadaye. Wa nne ni mimi, ambaye kazi yangu katika kundi ni kubeba chumvi na kukumbuka mambo.

Mto Ugalla hukusanya maji yake kusini mwa Tabora, ukaelekea kaskazini-magharibi katikati ya misitu ya miombo mpaka ukutane na Malagarasi, na Malagarasi nao huyapeleka maji hayo Ziwa Tanganyika. Wataalamu wa samaki wameona kwamba katika Malagarasi mna samaki walio ndugu wa wale wa mto Kongo, ng'ambo ya pili ya ziwa, ambao ziwani kwenyewe hawaonekani, na kutokana na hayo husema kuwa mto huo ulikuwako ukitiririka kuelekea magharibi kabla bonde la ziwa halijapasuka baina yao. Hivyo mzee akaaye ukingoni mwa Ugalla akijihisi ameishi miaka mingi ana mwenzi aliyemshinda umri kwa mbali. Katika masika, tangu Novemba mpaka Aprili, mto husahau mipaka yake, ukaingia mabondeni ukawa kama ziwa la majani, na samaki huenda kuzaana humo penye maji ya magotini. Kiangazi kikiingia maji hurejea mkondoni, kisha mkondo wenyewe hukatika, na kufikia Septemba pengine pamebaki madimbwi tu, marefu, meusi, yaliyotulia, ambamo kila kilichosalimika kimesongamana. Mabonde hayo pamoja na yale ya Malagarasi na Muyovosi yaliandikwa mwaka 2000 kuwa ardhioevu ya kwanza ya Tanzania kuingizwa katika orodha ya kimataifa ya Ramsar. Zamani wavuvi na warina asali waliingia kwa kibali, wakati wa kiangazi, hata ndani ya pori la akiba la Mto Ugalla. Mwaka 2019 pori hilo lilipandishwa hadhi likawa hifadhi ya taifa, na sisi, kama watu wengine watiifu, huketi nje ya mipaka yake, ambako mto una maji yale yale na mbung'o wale wale.

Kuhusu mbung'o sina budi kusema neno, kwa kuwa wao ndio waliolifanya pori hili kuwa pori. Katika miaka ya 1920 na 1930 ugonjwa wa malale ulitisha sana magharibi ya Tanganyika, na serikali ya wakati huo ikawaondoa watu katika vitongoji vyao vilivyotawanyika, Wakonongo, Wagalla na wengineo, ikawakusanya katika makazi makubwa ambako vichaka vingeweza kufyekwa na wagonjwa kuangaliwa. Makaburi ya wazee wao na miembe waliyoipanda ikaachwa msituni, na Mrina ajua mahali ambapo mwembe mmoja, peke yake katikati ya miombo, wangali wakiuita kwa jina la mtu aliyehamishwa. Mbung'o huvutwa na rangi ya buluu na nyeusi, ndiyo maana mitego yao hushonwa kwa vitambaa vya rangi hizo. Fundi, hata hivyo, hakubali kuvua koti lake la buluu la reli, na wengine tunashukuru kimoyomoyo, kwa sababu mbung'o wote huenda kwake.

Vifaa vyetu ni haba: ufito wa mwanzi, mshipi wa nailoni, ndoana za ukubwa mbalimbali, chelezo cha kipande cha bua, na chubwi. Fundi hudai kuwa chubwi yake imeyeyushwa kutokana na risasi ya Mpanda yenyewe, ile iliyosababisha reli, na kwa kuwa hakuna awezaye kumkanusha, madai hayo yamekuwa historia. Perege hutegwa kwa ugali mgumu wa mahindi uliofinyangwa, kambale kwa utumbo wa kuku uliolala siku mbili, ambao harufu yake ndiyo sababu ya sisi kuketi mbalimbali. Perege ni samaki wa adabu. Hudonoa, chelezo hutikisika kidogo, naye mvuvi akiwa na pupa humkosa. Jike lake hutunza mayai na vifaranga kinywani, hali amefunga mdomo, na Mwalimu akimnasa jike wa namna hiyo humrudisha majini pasipo mjadala, akisema kuwa mama mwenye watoto mdomoni hana nafasi ya kujitetea.

Lakini samaki ambaye kwa ajili yake ningeweza kuandika sura nzima ni kambale. Hana magamba, ana sharubu nane zinazomtumikia badala ya macho katika tope, na juu ya matamvua yake ana kiungo cha kuvutia hewa, hata dimbwi linapokauka na perege kuelea matumbo juu yeye hupanda kidogo, akagugumia pumzi, akashuka tena kungoja kudra. Mvua ya kwanza ikinyesha hutoka, akajinyonganyonga juu ya majani mabichi usiku kutoka dimbwi hili mpaka lile. Huuma magharibi na baada ya magharibi, wala hadonoi, hubeba. Chelezo huzama kama aliyeitwa, ufito hupinda, na mzee aliyekuwa akilalamikia kiuno tangu Mpanda husimama wima kama kijana wa jando. Akishatolewa majini yataka hadhari, maana katika kila pezi la ubavuni ana mwiba mgumu, na kidonda chake huvimba. Humpigi ukadhani amekufa: nimemwona kambale aliyewekwa kapuni alasiri akigeuka usiku wa manane, ukelele wa kapu ukawaamsha watu wote, Mrina akadhani ni nyegere amekuja kwa asali.

Jioni hupikwa. Kambale hupakwa majivu yaondoe utelezi, huoshwa, hukatwa vipande vinene, vingine vikabanikwa juu ya uchanja kwa ajili ya nyumbani, vingine vikatiwa sufuriani pamoja na nyanya, ndimu na chumvi. Chumvi yangu ni ya Uvinza, na huibeba kwa makusudi, kwa kuwa yatoka katika bonde la Malagarasi hilo hilo, na kabla ya reli, kabla hata ya Wadachi, misafara ilikuwa ikiifuata kutoka mbali. Si rahisi kuthibitisha kuwa samaki wa maji haya hupendeza kwa chumvi ya maji haya, lakini Mwalimu, asiyekubali jambo lisilo na ushahidi, amekubali hilo. Ugali husongwa na yeyote aliyevua haba. Asali ya Mrina huja mwisho, nyeusi kidogo, yenye moshi kwa mbali.

Ndipo mazungumzo huanza, nayo huanza kwa utani, kwani watu waliojuana tangu ujana hawawezi kuingia moja kwa moja katika neno la maana bila ya kwanza kutupiana maneno ya upuuzi.

"Fundi, gari moshi lako limetuchelewesha tena."

"Halikuchelewa, Mwalimu. Saa yako ndiyo yenye haraka, kama fimbo yako zamani."

Kisha hekaya huvutana. Mrina ni mzaliwa wa Karema, na humtaja kila mara Adrian Atiman, yule mtoto wa nchi za Timbuktu aliyetekwa akauzwa utumwani, akakombolewa na Mapadri Weupe, akasomeshwa udaktari huko Malta, akafika Karema mwaka 1889 na kutibu watu wa ziwa hadi alipofariki mwaka 1956. Katika utoto wa Mrina jina hilo lilitajwa kama litajwavyo jina la mtakatifu, na mama zao waliwatisha watoto wakaidi kwa sindano yake. Mwalimu naye huleta habari za msafiri Stanley, aliyepita Ukonongo mwaka 1871, akizunguka kwa kusini ili kuikwepa vita ya Mtemi Mirambo na Waarabu wa Tabora, na huuliza kila mara, bila ya kungoja jibu, wapagazi wale waliobeba vitambaa vya mtu huyo walivua samaki gani njiani, na kwa nini hakuna aliyejishughulisha kuandika. Marafiki waliokufa hutajwa pia, lakini kwa vituko vyao, si kwa maradhi yao.

Hata hivyo, sehemu iliyo bora ya mazungumzo hutokea mchana, wakati ambapo karibu hakuna kinachosemwa. Fundi na Mwalimu walikuwa wamenuniana muda mrefu kwa ajili ya mpaka wa kiwanja. Wazee wa mtaa walisuluhisha wakashindwa, mashehe na mapadri walinasihi, kila mmoja akaitikia kwa heshima na kwenda zake na ghadhabu yake. Katika vikao vyote vile waliketishwa wakitazamana, na mtu anayetazamwa usoni hulinda uso wake. Mtoni waliketi sambamba, kila mmoja macho yake kwenye chelezo chake, na siku moja, baada ya kimya kirefu, Fundi alisema, akiuambia mto, kuwa ule mwembe wa mpakani waukate au wauache, kwake ni mamoja. Mwalimu hakugeuka. Alisema uachwe, watoto wanapenda maembe yake. Hapana aliyeshikana mkono na mwenziwe wala kusoma dua, na chelezo cha mmojawapo kikazama wakati huo huo, wakashughulika na samaki. Kesi ikafa hapo. Sijui baraza lolote katika wilaya zetu lenye desturi ya kuwaketisha wagomvi wakitazama upande mmoja, nami ningependa ijaribiwe.

Wala udhuru huu si wetu peke yetu. Huko Uingereza mtu mmoja aitwaye Izaak Walton alitoa mwaka 1653 kitabu juu ya uvuvi wa ndoana, ambacho kingali kikipigwa chapa mpaka leo, na ambacho, ukikisoma kwa jicho la mzee wa Mpanda, utakiona ni kitabu cha watu wanaotembea pamoja, wakisimuliana, wakila na kuimba, na samaki wakiwa wametafutwa ili safari iwe na jina. Mwaka 1676, Walton akiwa amepita miaka themanini, rafiki yake Charles Cotton, aliyekuwa mdogo kwake kwa zaidi ya miaka thelathini, aliongeza sehemu ya pili. Na miaka miwili kabla ya hapo alikuwa amejenga kando ya mto Dove kibanda cha mawe cha kupumzikia wavuvi, akachonga juu ya mlango herufi za majina yao wawili zimesukwa pamoja. Wazungu wa siku hizi wamekwenda mbali zaidi: wengi wao humvua samaki, wakampima, wakampiga picha, wakamrudisha majini. Mrina aliposikia habari hiyo aliuliza kama pia huombwa radhi. Kwetu jambo hilo lingeharibu kila kitu, kwani mzee arudiye mikono mitupu kwa hiari yake atakuwa ameupoteza udhuru wake wa mara ya pili.

Nami siwezi kuifunga sura hii bila ya kutaja wanaouondoa udhuru huo kwa wengine. Wako watwangao utupa wakautia dimbwini, samaki wakalewa na kuelea, wakubwa na wachanga pamoja, na dimbwi likabaki maji matupu. Wako waburutao vyandarua vya mbu, ambavyo tundu zake hazimwachi hata mtoto wa perege. Sumu na baruti zimekatazwa waziwazi na Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003, lakini dimbwi la porini halina askari. Na liko jambo kubwa zaidi, ambalo si la wavuvi. Katuma, mto ule wa Sitalike, huzuiwa maji yake huko juu kwa mabwawa na mifereji ya mashamba ya mpunga, hata kiangazi kikali mkondo wake hukatika, na viboko hurundikana kwa mamia katika tope lililobaki, wakauana kwa kugombea nafasi, na mamba wakajichimbia mapangoni ukingoni. Simlaumu mkulima kwa kulima, kwa kuwa mpunga nao ni chakula na watoto wake nao wanasoma shule. Bali namlaumu anayefunga mto wote usiku asubuhi akasema mvua zimepungua. Maji ya zamu yanajulikana kwa wakulima tangu kale, na kamati za watumia maji zipo kwa kazi hiyo. Zipewe nguvu ya kufungua mlango wa bwawa, hata bwawa hilo likiwa la mkubwa.

Msomaji mwenye sahibu wa zamani asiyemwona ila misibani, na amwandikie sasa, wapange kuja baina ya Agosti na Oktoba, kabla mvua hazijashuka. Wapitie kwanza kwa afisa uvuvi wa halmashauri wapate leseni, waulize mpaka wa hifadhi uko wapi, waache nguo za buluu nyumbani, wasiketi mahali pamoja siku mbili mfululizo kwa sababu mamba huyakariri mazoea ya watu, na jua likishatua wasisimame kamwe katika njia ya kiboko atokaye majini. Chumvi waje nayo wenyewe.